"Hatuna damu" au "Tuna damu"? Maikrofoni ya jeshi katika redio ya raia

NDUGU msomaji, chukua kalamu uandike maneno haya mawili: "Hatuna damu." Kisha funika kwa kidole herufi mbili za mwanzo usome kilichobaki. Utasoma: "Tuna damu." Umeficha silabi moja tu, tena nyepesi, na maana imegeuka juu chini. Fanya vivyo hivyo kwa "hakuna gari", "hawatafika leo", "hamtapata dawa". Utabaki na "kuna gari", "watafika leo", "mtapata dawa".

Katika mazungumzo ya ana kwa ana jambo hili halitusumbui, kwani uso wa msemaji na mkono wake hutueleza kwamba anakanusha. Lakini mweke msemaji huyo Newala na msikilizaji wake Masasi, katikati pakiwa na karibu kilomita 60 za mstari wa ndege, na kiungo chao kiwe kimoja tu, yaani redio ya mawasiliano yenye maikrofoni iliyochoka. Hapo silabi "ha" inakuwa na uzito kuliko hotuba nzima.

Makala haya yanahusu maikrofoni, hasa zile kuukuu za kijeshi ambazo mafundi na wapenzi wa redio katika nchi nyingi wamezigeuza zitumike katika redio za raia, redio ambazo Wamarekani huziita kwa kifupi CB. Mtu anaona maikrofoni nzito ya chuma iliyopita vitani, anasema moyoni: hii ni imara, hii haitakufa. Ni kweli kwamba ni imara. Lakini kuwa imara ni jambo moja, na kusema lugha ya redio yako ni jambo jingine kabisa.

UWANDA NA BONDE

Aliyepata kusimama Newala mahali paitwapo Shimo la Mungu anajua jinsi ardhi inavyokatika ghafla, bonde likabaki chini kwa mbali, na ng'ambo ya mto Ruvuma ikaonekana Msumbiji. Uwanda wa Makonde ni nchi ya juu yenye mchanga unaonyonya mvua upesi, ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa juu wamekuwa wakishuka mabondeni kutafuta maji. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe. Hospitali za kukimbilia zinajulikana: Mkomaindo pale Masasi, hospitali ya wamisionari Wabenediktini pale Ndanda, na ile ya wilaya Newala kwenyewe.

Kabla simu za mkononi hazijaenea mikoa ya kusini katika miaka ya 2000, habari ya mgonjwa ilisafiri kwa miguu, kwa baiskeli, kwa lori la korosho, au kwa bahati njema ilisafiri kwa simu ya upepo, ambayo watu wengi walizoea kuiita redio kol. Hospitali, misioni, polisi na kampuni za ujenzi kote nchini zilikuwa nazo. Redio hizo zilitumia masafa mafupi yanayofika mamia ya kilomita. CB ni mdogo wake: husema katika megahezi 27, yaani mawimbi ya urefu wa mita 11 hivi, kwa nguvu ya wati 4 tu, nguvu ambayo haiwezi hata kuwasha taa ya chumbani ya mtindo wa zamani.

Historia yake ni fupi. Marekani ilifikiria redio ya wananchi tangu mwaka 1945, ikaipa nafasi katika megahezi 27 mwaka 1958 kwa chaneli 23, na kuanzia Januari 1977 ikaziongeza zikawa 40. Madereva wa malori ndio walioipa umaarufu wakati wa shida ya mafuta ya 1973 na 1974. Uingereza iliikubali kisheria Novemba 1981.

Wati 4 zinafika wapi? Katika nchi tambarare, kutoka gari hadi gari, ni kilomita chache. Lakini mlima hubadili hesabu. Mtu aliyesimama mita 300 juu ya nchi inayomzunguka anaona upeo wa macho ulioko kilomita 60 na zaidi, na mawimbi ya redio huona mbali kidogo kuliko jicho. Kwa hiyo ukingo wa uwanda ni mnara ambao hakuna aliyeulipia. Palipo na mnara wa namna hiyo, kinachobaki kuwa kikwazo aghalabu si nguvu ya redio, bali ni sauti inayoingia ndani yake.

MELI YA ANGANI AMBAYO HAIKUFIKA

Niruhusu, ndugu msomaji, nitoke njiani kidogo, kwani uwanda huu wa Makonde una kisa chake cha redio na vyombo vya vita, na si wengi wanaokijua.

Mwezi Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa hadi kwenye uwanda wa Makonde, halina dawa wala risasi za kutosha. Ujerumani ikatuma meli ya angani, ile aina ya zepelini, yenye namba L59, ikiongozwa na Ludwig Bockholt. Iliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria tarehe 21 Novemba ikiwa na tani 15 hivi za mizigo. Haikukusudiwa kurudi. Ilipangwa kwamba ikitua ikatwekatwe yote: turubai lake liwe mahema, kitambaa chake cha ndani kiwe bendeji, na mifupa yake ya madini mepesi iwe minara ya simu ya upepo. Ndiyo kusema meli nzima ilitengenezwa kwa nia ya kugeuzwa kitu kingine.

Ilikwisha kuvuka jangwa hadi magharibi ya Khartoum. Usiku wa kuamkia tarehe 23 ikapokea maneno machache ya redio kutoka kwao: rudi, sehemu kubwa ya nyanda za Makonde imekwisha kutwaliwa na Waingereza. Ikageuka. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na safari ya zaidi ya kilomita 6,700 bila kugusa ardhi. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma pale Ngomano kuingia Msumbiji.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi nasi. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea, jirani wa Masasi, ikiwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, walikosa matrekta mapya. Basi kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya vita aina ya Sherman, kikavivua mizinga na silaha, kikavifanya matrekta. Kifaru ni imara kuliko trekta lolote. Hata hivyo kilitengenezwa kwa kazi ya kupita mahali, si kwa kazi ya kuvuta na kung'oa visiki siku nzima. Mpango wote ulivunjwa mwaka 1951.

Maikrofoni nayo ina hadithi ya kifaru hicho. Uimara wake ni wa kweli, lakini ulitengenezewa kazi nyingine.

PUNJE ZA KABONI

Ndani ya maikrofoni nyingi za Vita Kuu ya Pili mna kikopo kidogo kilichojazwa punje za kaboni, kama unga mzito wa mkaa. Mbele ya kikopo kuna kiwambo chembamba. Ukisema, pumzi ya sauti inakisukuma kiwambo, nacho kinazibana punje. Zikibanwa, umeme hupita kwa urahisi. Zikiachiwa, hupita kwa shida. Angalia jambo hili kwa makini: maikrofoni ya kaboni haizalishi umeme wowote. Inafungua na kubana umeme uliokwisha kuwapo, kama mtu anayefungua na kufunga bomba la maji kwa mdundo wa sauti yake. Pasipo maji ndani ya bomba, hata akifungua namna gani, hakitatoka kitu.

Msomaji wa makamo hana haja ya kwenda vitani kuijua. Simu zile nyeusi za mezani zilizokuwa ofisini na Posta zilikuwa nazo ndani ya mkono wake wa kusemea, na umeme wake ulitoka kwa betri za kituo cha simu. Unakumbuka watu walivyoligonga simu kiganjani sauti ilipofifia? Hawakuwa na wazimu. Punje zikikaa sana, au zikiingiwa na unyevu, hushikana, ukizigonga hulegea.

Maikrofoni ya redio nyingi za CB ni ya aina nyingine. Ndani yake kuna koili nyembamba ya waya iliyoning'inia katika sumaku. Sauti ikiitikisa koili, umeme kidogo sana unazaliwa pale pale, milivolti chache tu. Haihitaji betri, na redio yake imetengenezwa kutarajia umeme huo mdogo.

Sasa mchukue mtu aliyenunua maikrofoni ya Kimarekani aina ya T-17, ile ya mkononi yenye kitufe ubavuni, mashuhuri kuliko zote za vita ile. Anakata plagi ya zamani, anafunga mpya, anaichomeka katika CB yake, anabonyeza, anasema, na upande wa pili hawasikii kitu. Anasema maikrofoni imekufa. Haikufa. Bomba ni zima, ila halina maji.

Kuna aina moja ambayo nakushauri usiiguse hata ukipewa bure: ile ya kooni, inayofungwa shingoni kwa mkanda, kama T-30 waliyotumia marubani. Ilikuwa na maana kwao, kwani haisikii ngurumo ya injini. Inasikia mtikisiko wa koo tu. Lakini herufi s, t na f hazizaliwi kooni, huzaliwa kwenye meno na midomo. Tazama tarakimu zetu. "Sita" na "tisa" zimejengwa kwa sauti zile zile nne, tofauti ni ipi kati ya s na t imetangulia. Muuguzi akiuliza apewe vidonge vingapi, na jibu likapita katika maikrofoni ya kooni, atakayepokea itambidi akisie.

KAZI YA MEZANI

Fundi anayetaka kuigeuza maikrofoni ya kaboni ana njia mbili.

Ya kwanza ni kuipa umeme wake. Betri mbili za tochi zinatoa volti 3. Umeme huo upitishwe katika rezista ya omu 220 hivi ndipo uingie katika maikrofoni, ambayo yenyewe ina omu 50 hadi 100, na hapo zitapita miliampia 10, ambazo zinatosha. Sauti ichukuliwe mahali rezista inapokutana na maikrofoni, ipitishwe katika kapasita ya mikrofaradi 1, kwani kapasita huzuia umeme wa betri usiingie redioni lakini huiachia sauti. Baada ya kapasita liwekwe volyumu dogo la omu 1,000, aina ile ile ya kuongezea na kupunguzia sauti katika redio ya nyumbani.

Volyumu hilo si pambo. Kaboni ikiwa na betri hutoa sauti kubwa mara kumi na zaidi ya ile ambayo CB imezoea. Wengi hufurahi hapo. Wanadhani sauti ikiwa kubwa ndiyo itafika mbali. La hasha! Redio ikisukumwa kupita kiasi sauti yake hupasuka, humwagikia chaneli za jirani, na maneno hugeuka mkwaruzo. Kinachopotea kwanza ni zile herufi nyembamba, s na sh na f, ambazo hata katika redio nzuri hupita kwa taabu, kwani redio za mawasiliano hupitisha sauti hadi hezi 3,000 tu, na sehemu kubwa ya "s" iko juu ya hapo. Basi lianzie chini, lipandishwe polepole, na mwamuzi awe msikilizaji aliye mbali, kamwe asiwe msemaji.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda mimi, ingawa wapenzi wa vitu vya kale wataniona mharibifu. Kitoe kikopo cha kaboni, ukihifadhi mahali pakavu, na ndani ya mwili ule wa chuma uweke kinasa kidogo kutoka redio kaseti mbovu. Katika nyumba ngapi za mijini kuna redio kaseti iliyolala juu ya kabati, mkanda wake umekwisha, haisemi wala haiimbi? Zilizo nyingi zina kijikopo cha bati chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kwenye tundu dogo la mbele. Hicho ndicho kilichorekodi sauti za harusi na za watoto. Kiliwezekana kutokana na uvumbuzi wa James West na Gerhard Sessler katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1962. Nacho kinahitaji umeme, lakini kidogo mno, chini ya miliampia 1, na rezista yake iwe ya maelfu ya omu, mathalan 2,200 au zaidi. Hapo unapata mwili wa askari wenye sikio la kisasa.

Jambo la kushangaza ni kwamba marubani wa ndege ndogo, za aina ya zile zitumiazo viwanja kama cha Masasi, bado wanaishi na urithi wa kaboni. Maikrofoni zao za sasa hazina punje hata moja, lakini zimetengenezwa zijifanye kaboni, kwa sababu redio za ndege zimeendelea kutoa umeme wa kuilisha maikrofoni ya kaboni. Hata plagi yao ya maikrofoni ni ya umbo lile lile la T-17: ncha ni ya kitufe, pete ni ya sauti, shina ni la ardhi.

SWICHI KWANZA

Nimeeleza kaboni kwa urefu kwa sababu ndiyo mafundi wanayoizungumza. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kaboni si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni swichi, na hapa ndipo tunairudia ile "ha" yetu.

Maikrofoni ya jeshi ina kitufe rahisi: ukibonyeza, waya mbili zinagusana, basi. CB nyingi za zamani zinataka zaidi ya hapo. Katika redio nyingi za Cobra na Uniden zenye plagi ya pini nne, ya 1 ni ardhi, ya 2 ni sauti, ya 3 ni kutuma na ya 4 ni kupokea. Wakati wa kusikiliza, pini ya 4 hapana budi iguse ardhi. Wakati wa kusema, iachie, na ya 3 ndiyo iguse. Ukiunga kitufe cha T-17 kwenye pini ya 3 peke yake, redio itatuma lakini haitapokea kitu, spika itanyamaza kimya. Na ukiiunga pini ya 4 moja kwa moja kwenye ardhi ili upate kusikia, utakuwa umelazimisha redio isikilize na iseme kwa wakati mmoja. Dawa yake ni rilei ndogo ya volti 12 yenye mguso wa kugeuka: kitufe kinaivuta rilei, na rilei ndiyo inayobadilisha pini. Redio zenye mpangilio mwingine zipo, kwa hiyo fundi apime kwa mita kabla ya kulehemu, asiamini rangi za waya.

Rilei hiyo inachukua sehemu ndogo ya sekunde kuvuta, redio nayo inachukua sehemu yake kuanza kutuma, na kitufe kilichopita vitani miaka themanini iliyopita kinaweza kuwa na kutu, kikashika baada ya kukibonyeza mara mbili. Jumlisha ucheleweshaji wote huo. Hauli hata robo ya sentensi. Unakula silabi moja, ya kwanza. Katika Kiswahili silabi ya kwanza ndiyo mara nyingi inayobeba ukanusho. Yako maneno yenye kinga kidogo: "hapumui" ikikatwa inabaki "pumui", na ile "i" ya mwisho inamshtua msikilizaji. Lakini "hatuna", "hawana", "hakuna", "hatutakuja" hazina kinga yoyote. Zinakatwa na kubaki maneno kamili, safi, yenye maana ya kinyume, na msikilizaji hana sababu ya kushuku.

Tuseme zahanati iliyo pembezoni mwa uwanda imeuliza kama kuna damu ya kumwongezea mama aliyejifungua na kupoteza nyingi. Jibu ni "hatuna damu, mpelekeni Ndanda." Likifika "...tuna damu, mpeleke..." na mkwaruzo ukameza lililofuata, gari litafunga safari ya kwenda mahali pasipo na damu. Kosa hilo halitaandikwa popote kuwa ni la swichi.

Kwa hiyo safisha migusano ya kitufe kwa spiriti na karatasi ngumu, usitumie msasa mkali unaokwangua madini yake. Chemchemi iliyolegea ibadilishwe. Kama kitufe hakishiki mara ya kwanza katika majaribio ishirini, kiweke kitufe kipya ndani ya mwili ule wa zamani. Hakuna heshima ya vita itakayopungua. Kagua pia kama kinaachia sawasawa, kwani kitufe kilichonasa kinaifanya redio itume bila kukoma, na chaneli nzima inazibwa kwa wote walio karibu. Wakati huo huo mwenye redio hajui lolote, anashangaa tu mbona leo kuna utulivu.

Kwa anayechagua njia ya betri, kitufe hicho kikate na umeme wa betri pia wakati wa kunyamaza, la sivyo betri ndogo zitakwisha kwa siku chache.

KIBALI

Mawimbi ya redio ni mali ya taifa kama yalivyo maji na ardhi. Zamani mambo haya yalikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu. Tangu mwaka 2003 iko Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na sheria ya mawasiliano ya 2010 inaweka matumizi ya masafa chini ya leseni. Mwenye CB aende akaulize kabla hajabonyeza, siyo baada.

Kuhusu maikrofoni zenyewe, tofauti iwe wazi kichwani. Zinazouzwa kihalali kama mabaki ya vita ni za majeshi ya ng'ambo, zilizouzwa na serikali zao zilipokwisha kazi. Nyingi hupatikana kwa maduka na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Chombo cha jeshi letu si mabaki, hata kikionekana kimechakaa. Ukiona kinauzwa sokoni chini ya meza, usikinunue, na usiseme hukuambiwa. Masasi na Newala ni wilaya za mpakani, na wazee wa huko wanaikumbuka miaka ya 1964 hadi 1974, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipokuwa vinapiganwa ng'ambo ya mto. Mtu mwenye chombo cha kurushia sauti mpakani asione ajabu akiulizwa karatasi.

Utauliza sasa: je, kazi yote hii ina faida? Kwa wengi, hapana. Maikrofoni mpya ya koili itakutumikia vizuri bila betri, bila rilei, bila kukesha mezani. Faida ipo mahali pawili. Kwanza, ndani ya lori au karibu na mashine ya kubangulia korosho, ambako maikrofoni za kijeshi za kizazi cha baadaye, kama H-250, ni bora kuliko za kawaida. Hiyo haina kaboni, ina koili, na ina matundu mbele na nyuma: ngurumo inaingia pande zote mbili na kujiua yenyewe, na sauti ya midomo iliyo karibu inaingia upande mmoja na kupita. Masharti yake ni kusema midomo ikikaribia kuigusa. Ukiishika mbali kama mwimbaji wa dansi, itakuua pamoja na ngurumo. Pili, faida ipo kwa kijana anayetaka ufundi. Meza moja ya namna hii inamfundisha betri, rezista, kapasita, rilei na mita, vitu ambavyo shuleni amevichora tu ubaoni. Ila akae kwenye volti 12 za betri ya gari. Redio kuukuu za jeshi zenye taa za kioo zina mamia ya volti ndani, na hizo si za kujifunzia peke yake.

Kazi ikikwisha, usiiamini maikrofoni kwa sababu imesema "halo" sebuleni. Mpe mwenzako redio ya pili, aende walau kilomita moja, achukue daftari. Wewe andika orodha ya maneno ishirini, uyachanganye: tuna, hatuna, sita, tisa, kuna, hakuna, tatu, tano, watafika, hawatafika. Bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme, na kila neno ulitamke mara moja tu. Yeye aandike alichosikia bila kuuliza. Kisha badilishaneni, naye asome wewe uandike, kwa sababu mikono miwili haibonyezi kitufe sawa.

Rudini mlinganishe madaftari. Kama "sita" imeandikwa "tisa", punguza volyumu na usogeze midomo. Kama "hatuna" imeandikwa "tuna", hata mara moja katika ishirini, fungua maikrofoni tena uanze na kitufe.